Mashine ya sauti kwa mwimbaji wa peke yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni kwa anayepanda jukwaani peke yake: mwenye gita na maiki moja pembeni ya bwawa la hoteli Diani au Nungwi, mpiga mugithi (muziki wa Wakikuyu) wa Nairobi au Nakuru anayebeba usiku mzima kwa gita moja na mashine ya ngoma, mwimbaji wa injili anayezunguka makanisani na biti zake kwenye flashi. Karibu wote wanaoniuliza huanza na "ninunue ipi?" Swali hilo lina jibu, lakini linategemea mengine, kwa hiyo nimeyatanguliza yale mengine.

Mashine ya sauti ni nini, na inazidi nini ile eko ya kwenye miksa?

Ni kisanduku kinachokaa kati ya maiki na miksa. Sauti yako inaingia, inafanyiwa kazi, inatoka. Ndani yake huwa mna kazi tano hivi. Ikwalaiza inasawazisha besi na ukali. Kompresa inabana pale unapopaza ili unong'onapo usipotee. Kirekebisha noti kinasogeza noti iliyoteleza. Harmoni inatengeneza sauti ya pili na ya tatu kutokana na yako. Mwisho kuna mwangwi na riverbu, na hivi viwili watu huvichanganya: mwangwi ni neno kurudi, kama ukiita bondeni, riverbu ni ule mkia wa sauti unaobaki hewani ukiimba ndani ya kanisa kubwa la mawe.

Eko ya miksa ni hiyo kazi ya mwisho peke yake. Tena huwezi kuigusa ukiwa umeshika gita katikati ya ubeti.

Nianzie wapi kuchagua?

Jiulize ni nani anayekosekana jukwaani kwako. Bendi kamili ina watu wa aina tatu ambao wewe huna: fundi mitambo anayelinda sauti yako usiku kucha, waitikiaji wanaokupokea kwenye kiitikio, na wapigaji wanaojaza muziki. Mashine zinazouzwa leo zimejengwa kuziba mojawapo ya nafasi hizo, na chache hujaribu kuziba zote tatu.

Anayekosa fundi mitambo anahitaji kisanduku kidogo chenye ikwalaiza, kompresa na riverbu nzuri. TC-Helicon Mic Mechanic ni mfano wa aina hiyo: vitufe vichache, hakuna menyu, hakuna harmoni. Anayekosa waitikiaji, na anapiga gita, atazame Boss VE-2 au TC-Helicon Harmony Singer, ambazo zinasikiliza gita lako ndipo zikajua noti za kuitikia. Anayetaka gita na sauti vipite katika kifaa kimoja, kila kimoja na njia yake, atazame Boss VE-8. Anayetaka vyote, pamoja na luupu ya kujirekodi na kujirudia papo hapo, kuna TC-Helicon VoiceLive 3, ambayo ni mashine kubwa kweli, lakini inadai wiki kadhaa za kujifunza nyumbani.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kununua kifaa cha kuziba nafasi ya waitikiaji wakati anayemkosa ni fundi mitambo. Anarudi na mashine ya harmoni nne, sauti yake ya kwanza bado haisikiki vizuri, sasa ziko tano zisizosikika vizuri. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ni pesa ya shoo nyingi inayopotea hapo. Ukiwa na shaka, ziba nafasi ya fundi mitambo kwanza. Hakuna mgeni atakayedai waitikiaji, lakini kila mgeni ataondoka akishindwa kusikia maneno.

Maiki yangu ni ya kawaida tu. Nibadilishe maiki au ninunue mashine?

Maiki kwanza, kama uliyonayo ni ile iliyokuja bure na spika. Mashine haiongezi kitu ambacho maiki haikukinasa. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado inabeba majukwaa kwa sababu inavumilia kuanguka, inakataa kelele za nyuma yake, na kila fundi anaijua. Jihadhari na bandia, maana zimejaa. Ishike mkononi: nyepesi kupita kiasi ni dalili mbaya.

Harmoni: mashine inajuaje sauti ya pili niitakayo?

Hapa ndipo penye siri ya kifaa kizima, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua ki ya C, yaani wimbo uliojengwa juu ya noti C. Ukiimba C, sauti ya pili iliyo juu yake ni E, umbali wa nusu-toni 4 (nusu-toni ni hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda). Ukiimba E, sauti ya pili ni G, umbali wa nusu-toni 3. Mwanakwaya anafanya badiliko hilo bila kufikiri, sikio lake linajua tuko ki gani. Mashine haina sikio hilo. Ukiiambia tu "ongeza nusu-toni 4 juu", itatoa noti sahihi kwenye C na noti ya ajabu kwenye E, na wasikilizaji watakunja uso hata kama hawajui kwa nini.

Kwa hiyo lazima iambiwe, na kuna njia kuu nne. Ya kwanza, unaweka ki kwa mkono kabla ya wimbo. Ndivyo Boss VE-20 inavyofanya kazi, na ni njia ya kuaminika mradi wimbo haubadili ki katikati. Ya pili, unachomeka gita na mashine inasoma kodi unazopiga, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Ya tatu, kinanda kinaipelekea noti kwa waya wa MIDI. Ya nne, inasikiliza muziki wenyewe kupitia tundu la ziada au maiki ndogo zilizo juu ya kisanduku, kama kwenye TC-Helicon VoiceLive Play. Hii ya nne inapendeza nyumbani. Jukwaani, penye kelele za glasi na watu, mimi siitegemei.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: njia ipi kati ya hizi inaendana na chombo ninachopiga? Jibu hilo peke yake litafuta nusu ya orodha yako.

Ushauri mwingine kuhusu harmoni: iwashe kwenye kiitikio, izime kwenye ubeti. Nyimbo za dansi na rumba zilitufunza hivyo tangu zamani. Mwimbaji mmoja anasimulia, kisha wenzake wanaingia kwa sauti mbili, na moyo wa msikilizaji unaruka pale wanapoingia. Ukiwa nao tangu mstari wa kwanza, hakuna mahali pa kuingia tena. Na ziweke chini ya sauti yako. Waitikiaji wazuri husimama hatua mbili nyuma.

Napiga gita kwa vidole, besi na melodi pamoja, mtindo wa mugithi. Mashine itanifuata?

Itakufuata pale unapopiga kodi zinazoeleweka. Ukikaa muda mrefu kwenye noti moja moja za besi, mashine nyingi hushikilia kodi ya mwisho ziliyoisikia mpaka zipate mpya. Katika nyimbo za kodi tatu hilo halikuumizi sana. Pale solo inapochanganya, zima harmoni kwa mguu, iwashe tena ukirudi kwenye kodi.

Kapo, kile kibanio cha shingo ya gita, si tatizo, kwa kuwa mashine inasikia sauti inayotoka wala haijali kidole kiko wapi. Tatizo ni tyuni. Wengi wetu tumezoea kutyuni gita kwa sikio, likawa sawa na lenyewe lakini likaachana na kipimo cha kawaida, A ya hezi 440. Mashine inatengeneza harmoni na kurekebisha noti kwa kufuata kipimo hicho. Gita likiwa robo-toni chini, wewe unaimba na gita, mashine inakuvuta kwenda kwingine, na matokeo ni kama watu watatu wanaogombana. Tumia tyuna. Baadhi ya mashine pia zinakuruhusu kubadili kipimo chenyewe, na kama unaimba na chombo kisichotyunika kirahisi, uliza kama kipengele hicho kipo.

Naimba na biti za kwenye flashi, sina chombo mkononi.

Basi mashine inayosoma gita haina faida kwako. Nunua inayopokea ki kwa mkono na yenye kumbukumbu (mipangilio iliyohifadhiwa) za kutosha, kisha tengeneza kumbukumbu moja kwa kila wimbo: ki yake, kasi yake, kiasi cha harmoni. Zipange kwa utaratibu wa shoo ili ukikanyaga pedali moja usonge mbele. Na usipitishe biti ndani ya mashine hiyohiyo isipokuwa ina tundu maalumu la hilo. Biti iende miksa moja kwa moja.

Naimba taarab. Kirekebisha noti kitanisaidia?

Inategemea ni taarab ipi, na nakuomba usikurupuke kukiwasha.

Kirekebisha noti kinazijua ngazi 12 za nusu-toni, zile za kinanda. Kila noti unayoiimba inavutwa kwenye ngazi iliyo karibu. Lakini taarab ya asili ya Unguja imerithi makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti, na katika makamu kama Rast au Bayati kuna noti zinazokaa katikati ya ngazi mbili za kinanda. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, anavyo vishikizo vidogo vya kuzipata, mpiga fidla anazipata kwa kidole, mwimbaji anazipata kwa koo. Ukiwasha kirekebisha, noti hizo hizo ambazo ndizo utamu wa wimbo zitaonekana ni makosa na zitanyooshwa. Mtetemo wa mwisho wa mstari nao utageuka ngazi ngazi. Fikiria sauti kama ya marehemu Bi Kidude, yenye kukwaruza na kuteleza kwa makusudi, ikipitishwa kwenye chombo kinachoamini kila kuteleza ni kosa.

Taarab ya kisasa inayopigwa kwa kinanda ni habari nyingine, kwa kuwa kinanda chenyewe kiko kwenye ngazi 12, na mwimbaji ameshazoea kukutana nacho hapo. Kwake kirekebisha chepesi hakitamharibia sana. Kwa mwimbaji wa makamu, nunua mashine ambayo kirekebisha kinazimwa kabisa, si kupunguzwa tu, kisha tumia kompresa na riverbu yake. Harmoni vilevile iache, kwa sababu inatembea kwenye ngazi zilezile. Wenye kaswida na nyimbo zisizo na chombo, shauri langu kwenu ni hilohilo.

Kurekebisha noti si udanganyifu?

Kikitumika kwa kiasi kidogo, ni kama mkono wa mtu anayekushika begani. Kikiwekwa kasi ya juu na nguvu yote, kinatoa ile sauti ya roboti tuliyoizoea kwenye Bongo Fleva, nayo ni rangi ya muziki, hakuna aliyedanganywa. Asili yake ni ya kupendeza: Andy Hildebrand, aliyeitengeneza programu ya Auto-Tune iliyotoka 1997, kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi yanayopelekwa ardhini kutafuta mafuta. Hesabu za kusoma miamba zikaja kusoma koo la mwanadamu.

Ninachokataza ni kimoja: usikifanyie mazoezi. Nyumbani kizime. Koo linalozoea kushikwa begani huacha kutafuta njia lenyewe.

Niweke riverbu na mwangwi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani, na kwa Kiswahili kidogo zaidi.

Sikiliza lugha yetu inavyokaa. Karibu kila neno linaishia na irabu, na maana kubwa hubebwa na viambishi vifupi vya mwanzo. Mkia wa irabu iliyotangulia ukifunika mwanzo wa neno linalofuata, maana inaweza kupinduka. "Hatutarudi" ikipoteza silabi yake ya kwanza inakuwa "tutarudi". Umeimba talaka, mgeni amesikia ahadi. Kwa hiyo nataka kila neno lifike likiwa kavu kiasi cha kueleweka, na mkia uje nyuma yake.

Njia ya kupata hivyo ni mpangilio wa kuchelewesha riverbu kabla haijaanza, unaopatikana kwenye mashine nyingi. Ukiweka milisekunde 20 hadi 40, neno linatoka kwanza, riverbu inaanza baadaye. Ni badiliko dogo lakini linasafisha mashairi kuliko kitu kingine chochote kwenye kisanduku.

Kisha tazama juu. Chini ya paa la makuti lisilo na kuta, sauti inakwenda zake baharini na hairudi. Hapo riverbu ya wastani inakupa mwili. Kwenye ukumbi wa vigae na bati, jengo lenyewe lina riverbu ya kutosha, na ukiongeza yako maneno yanageuka supu. Ukumbi ukiwa mtupu wakati wa kujaribu mitambo unavuma kuliko ukijaa watu, maana nguo na miili hunyonya sauti, kwa hiyo usifanye uamuzi wa mwisho saa kumi jioni.

Mwangwi nao uendane na mdundo. Hesabu ni rahisi: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Mapigo 120 ni milisekunde 500. Mapigo 96 ni 625. Mashine nyingi zina pedali ya kugonga kasi, unagonga mara tatu nne na inajipanga. Ila ukipiga chakacha, au mdundo wowote unaotembea kwa sita, mwangwi wa nusu ya pigo utagongana na ngoma. Gawa pigo kubwa kwa tatu. Kwa mapigo 120 hiyo ni kama milisekunde 167, au 333 ukitaka mwangwi unaorudi kwa nafasi zaidi. Jaribu, utasikia unakaa ndani ya ngoma kama mpigaji mwingine.

Na unapoongea na watu, zima vyote. "Karibuni sana" yenye mwangwi haieleweki, na mwenye harusi akikuomba utangaze gari linaloziba njia, utamtaka kila mtu asikie namba.

Tangu ninunue mashine, spika zinapiga miluzi. Ni mbovu?

Haielekei. Miluzi hutokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maiki na kuzunguka. Kompresa inainua sauti ndogo, na sauti ndogo kuliko zote ni ile ya spika inayoifikia maiki yako ukiwa kimya. Harmoni na riverbu zinaongeza zaidi. Kwa hiyo ulichokuwa nacho kabla, kilichokuwa karibu kupiga miluzi, sasa kimevuka.

Punguza kompresa kwanza. Kisha tazama monita, ile spika inayokuelekea wewe mwimbaji, iko wapi. Maiki kama SM58 ni kiziwi zaidi nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ikae mbele yako ikiielekea mgongo wa maiki. Maiki kama Shure Beta 58A ina uziwi wake mkubwa pembeni kwa nyuma, na nyuma kabisa inasikia kidogo. Monita yake ikae kwa mshazari. Watu wanabadilisha maiki bila kuhamisha monita kisha wanalaumu mashine. Usifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wachanaji wa rap wafanyavyo, unaua uziwi wote huo.

Jambo hilohilo huharibu harmoni. Mashine ya ngoma ikisikika kwa nguvu kwenye maiki yako, kisanduku kinajaribu kuirekebisha na kuiitikia ngoma, na sauti za pili zinatetemeka. Imba karibu na maiki, vidole viwili kutoka mdomoni, na shusha monita.

Naiunganishaje?

Maiki inaingia kwenye mashine, mashine inaingia kwenye miksa. Zima eko ya miksa kwenye njia hiyo, la sivyo una riverbu mbili zinazopigana. Ukitumia waya mmoja, tumia tundu lililoandikwa mono na uiweke mashine kwenye mono, yaani sauti zote njia moja, kwa sababu katika stereo harmoni nyingine hutupwa upande wa pili na hutazisikia kamwe. Ukipeleka stereo hotelini ambako spika moja iko bustanini na nyingine iko baa, nusu ya wageni watasikia waitikiaji wa kushoto tu. Kwa maonyesho ya namna hiyo mono ni bora.

Kama maiki yako ni ya kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, umeme wake wa volti 48 utoke kwenye mashine, na kwenye njia ya miksa uzimwe, isipokuwa kitabu cha mashine kimesema wazi kwamba haudhuru. Miksa nyingi ndogo zina swichi moja ya volti 48 kwa njia zote, kwa hiyo muulize fundi wa pale kabla ya kuchomeka.

Umeme wetu utaiua?

Utaiua usipokuwa makini na adapta, na hili nimelipa mwenyewe. Kifaa kilichonunuliwa Marekani au Japani kinaweza kuja na adapta ya volti 120 au 100 peke yake. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 230 au 240, inakufa, na pengine inaondoka na mashine. Soma maandishi madogo nyuma ya adapta: ukikuta 100-240V, unahitaji kigeuzi cha plagi tu. Ukikuta namba moja ndogo, tafuta adapta nyingine.

Halafu kuna ncha. Pedali za Boss hutumia volti 9 zenye hasi katikati. Vifaa vingine hutumia volti 12, vingine vina chanya katikati. Adapta ya ruta ya intaneti inaweza kuingia tundu hilo vizuri kabisa na kuunguza kila kitu. Ibandike adapta yako utepe wa rangi, usiiazime wala kuiazimisha.

Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, mashine inazima na kuwaka upya, na muda huo maiki yako imekufa. Boss VE-20 inaweza kutumia betri 6 za AA, na kwa mtu anayeimba mahali ambapo umeme unacheza, hilo ni jambo la kulipia. Vinginevyo beba UPS ndogo ya kompyuta. Hata hivyo, hifadhi kila badiliko kabla ya shoo, maana lisilohifadhiwa linaondoka na umeme.

Kwa wa pwani: chumvi. Funga mashine kwenye begi mara tu ukimaliza, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na futa vichwa vya waya.

Sauti inachelewa ikipita kwenye mashine?

Inachelewa milisekunde chache. Sauti hewani hutembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo ukisimama mita tatu kutoka monita tayari umekubali milisekunde 9 na hukulalamika. Tatizo linaanza vifaa vya kidijitali vikipangana foleni: maiki isiyo na waya, kisha mashine, kisha miksa ya kidijitali, kisha visikilizi vya masikioni. Kila kimoja kinakula kidogo, na masikioni utasikia sauti yako imekuwa na pua. Punguza kimoja. Visikilizi vya Bluetooth usijisikilizie ukiimba, vinachelewa mno.

Programu ya simu haitoshi?

Ya mazoezi inatosha. Jukwaani simu italia.

Luupu ni ya kila mtu?

Si ya kila mtu, nasema wazi. Luupu inarekodi kipande chako na kukirudia huku ukiongeza kingine juu yake. Ukikosea kufunga mzunguko kwa robo ya pigo, kosa hilo linarudi kila baada ya sekunde nane mpaka wimbo uishe. Inahitaji mwezi wa mazoezi na metronomu. Angalia pia urefu: luupu ya VE-20 ni sekunde 38, inatosha kiitikio lakini haitoshi kujengea wimbo mrefu. Mwenye nia ya kweli ya luupu anunue chombo cha luupu, kama familia ya Boss RC, akiweke baada ya mashine ya sauti.

Lakini hata asiyeipenda luupu ana faida moja nayo. Wewe huna mtu wa kusikiliza kule nyuma wakati wa kujaribu mitambo. Rekodi ubeti mmoja, uache ujirudie, kisha shuka utembee ukumbini mpaka meza ya mwisho. Utajisikia kama mgeni anavyokusikia.

Ya kukanyaga au ya mezani?

Mwenye gita au kinanda: ya kukanyaga. Mikono yako ina kazi. Vaa viatu utakavyopigia, kanyaga dukani, uone kama kidole gumba kinagonga pedali mbili kwa pamoja. Usome na skrini ukiwa umesimama, taa zikiwa zimezimwa. Ya mezani, kama Zoom V3, ni nzuri kwa anayeimba na biti akiwa na meza pembeni. Anayetembea katikati ya wageni afikirie maiki yenye kitufe cha kuiamuru mashine, kama Sennheiser e 835 fx, lakini kwanza ahakikishe mashine yake inaielewa, si zote.

Nikinunua ya mtumba nikague nini?

Nenda na maiki yako, waya wako na visikilizi vyako. Kanyaga kila pedali mara kumi, ukitafuta inayoruka au kukanyagika mara mbili. Zungusha kila kitufe ukiimba noti moja ndefu, usikie kama inakwaruza. Tikisa waya kwenye kila tundu. Jaribu volti 48 kwa maiki ya kondensa ukiweza kuiazima. Omba adapta ya asili. Akisema imepotea, shusha bei, na usijaribishe kwa adapta yoyote iliyo karibu. Mwisho irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani uone kama inakubali, maana kumbukumbu za mwenzako hazitakufaa hata kidogo: zimetengenezwa kwa koo lake.

Nimeshanunua. Shoo ya kwanza ni Jumamosi. Nifanye nini?

Tengeneza kumbukumbu mbili tu. Ya kwanza: ikwalaiza, kompresa nyepesi, riverbu kidogo. Ya pili: ileile ya kwanza, pamoja na sauti moja ya harmoni. Ziweke zikifuatana, sauti zake zilingane kwa nguvu ili ukihama fundi asishtuke. Imba wimbo wako wote wa shoo ukiwa umesimama, gizani, na viatu. Weka waya mmoja wa ziada mfukoni, ili mashine ikigoma uchomoe maiki uipeleke miksa moja kwa moja, na ufanye zoezi hilo nyumbani mpaka uweze kulimaliza kabla mashine ya ngoma haijafika pigo la nne.